Rimoti, Masafa na "Nguvu Ndogo": Uhakiki wa Istilahi Tatu

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili nchini mwetu sasa ina umri wa kutosha kuweza kuhakikiwa bila kusitasita. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vikaanza kuwafikia makarani, walimu na watafsiri, ambao hadi wakati huo kila mmoja alijitungia neno lake mezani pake. Vigezo vya kupimia istilahi vimerudiwa mara nyingi: neno liwe fupi, lifuate sarufi ya lugha, litamkike kwa urahisi, na lisigongane na neno jingine katika fani hiyo hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kigezo hicho cha mwisho ndicho tunachokisahau upesi kuliko vyote, na kwamba anayelipa gharama ya usahaulifu huo ni mwananchi asiyekuwa na mtu wa kumwuliza.

Mfano tutakaoutumia ni mdogo. Unahusu vifaa vya elektroniki vinavyotumia betri na kuendeshwa kutoka mbali pasipo waya: ving'ora, taa, kufuli na vinginevyo ambavyo siku hizi huuzwa hata magulioni. Mwandishi aliyaona mambo haya katika eneo la Nyakunguru, mkoani Mara, upande ule ambako wilaya za Tarime na Serengeti zinakaribiana. Huko ng'ombe ni mali, ni mahari na ni heshima ya mji, na wizi wa mifugo ni jambo ambalo wazee wamelijadili katika mkutano wa hadhara, ambao Wakurya huuita iritongo, tangu kabla ya ulinzi wa sungusungu kuanza.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wafugaji wa miji kadhaa walichanga fedha ili wanunue ving'ora vya betri. Kila king'ora kingetundikwa zizini, na kitufe chake kingekaa ndani ya nyumba, karibu na kitanda cha mwenye mji. Akisikia nyayo usiku, angebonyeza kitufe, nao majirani wangeamka. Muuzaji wa mjini aliwapa karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye aina tatu za kuchagua. Ya kwanza iliandikwa "masafa 10", ya pili "masafa 433", ya tatu "masafa 2400". Zote tatu zilielezwa kuwa na "kitenzambali" na kuwa za "nguvu ndogo".

Karatasi ililetwa kwa mwandishi wa makala haya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwalimu. Mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, haya masafa ni umbali?" Nikamjibu, "Naam, Mzee, masafa ni umbali." Basi wazee wakachagua aina ya tatu, kwa hoja isiyokuwa na kasoro yoyote: mwenye masafa 2400 atafika mbali kuliko mwenye 433, na huyu atafika mbali kuliko mwenye 10.

Kosa lilikuwa langu, na sina haja ya kumsukumia muuzaji. Lakini inafaa tujiulize ni kwa nini mtu aliyesoma fizikia, anayeijua lugha yake, na aliyekuwa akiisoma karatasi ya Kiswahili mchana kweupe, alikosea kiasi hicho.

Istilahi ya kwanza: rimoti na wenzake

Kitu kinachoshikwa mkononi ili kuendesha kingine kilicho mbali kina majina kadhaa kwa Kiswahili. Mitaani huitwa rimoti. Katika orodha za msamiati na katika baadhi ya vitabu vya shule kinaitwa kitenzambali. Wako pia wanaoandika kidhibiti mbali au kidhibiti cha mbali. Mabishano juu ya majina haya yamekuwa marefu, na kwa kawaida huishia katika swali la usafi wa lugha: je, tukubali neno la kigeni ilhali tunao uwezo wa kuunda letu?

Kwa upande wa umbo, kitenzambali halina ubaya. Linafuata njia ya ki- na shina la kitenzi, kama kiyoyozi, kipaza sauti na kinasa sauti. Hata hivyo, kipaza sauti na kinasa sauti yana faida ambayo hili halina: kila moja linataja kitendo pamoja na kitu kinachotendewa. Asikiaye kinasa sauti kwa mara ya kwanza anaweza kukisia kazi yake. Asikiaye kitenzambali anaambiwa kwamba kuna kutenda na kuna umbali. Anachotaka kujua mnunuzi, yaani amri inasafirije kuuvuka umbali huo, hakimo.

Na njia za kusafirisha amri si moja. Nikola Tesla aliendesha mashua ndogo kwa mawimbi ya redio mbele ya watazamaji mjini New York mwaka 1898. Kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa kiendeshi cha televisheni chenye waya mwaka 1950, kisha kilichotumia mwanga wa tochi mwaka 1955, kisha mwaka 1956 kilichobuniwa na Robert Adler, ambacho kilitumia sauti nyembamba mno isiyosikika kwa binadamu. Hicho cha mwisho hakikuwa na betri kabisa ndani yake; kitufe kiligonga fimbo za alumini zikalia. Baadaye televisheni karibu zote zilihamia kwenye mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, na ambao kwa kawaida huwashwa na kuzimwa mara 38,000 kwa sekunde ili usichanganyike na mwanga wa taa au wa jua.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, ikiwa ya rangi tangu mwanzo, na Tanzania Bara ikaipata mwaka 1994. Kwa hiyo kwa Mtanzania wa kawaida neno rimoti limekuja pamoja na televisheni, na limebeba tabia ya mwanga: huna budi kuielekeza kwenye kifaa, na mtu akipita katikati, haifanyi kazi. Huko Nyakunguru mzee mmoja, baada ya king'ora kufungwa, alikuwa akifungua dirisha la chumba chake usiku na kunyoosha mkono kuelekea zizini kabla ya kubonyeza. Kifaa chake kilikuwa cha redio, hakikuhitaji kuelekezwa popote. Alikuwa akijiweka dirishani mbele ya wezi kwa sababu ya maana iliyojificha ndani ya neno.

Mtu atasema kwamba kitenzambali lingemwokoa, kwa kuwa halina kumbukumbu ya televisheni. Hatuafiki. Karatasi yake iliandikwa kitenzambali, naye alipoelezwa maana yake aliambiwa, "ndiyo rimoti." Neno jipya lisiloongeza maarifa hutafsiriwa papo hapo kwa lile la zamani, na mizigo yote ya zamani ikahamia kwake.

Maoni yetu ni kwamba rimoti likubaliwe kuwa jina la jumla, kwa kuwa limekwisha kupata tahajia na matamshi ya Kiswahili, na kwamba juhudi zetu zielekezwe kwenye vifafanuzi vyake: rimoti ya mwanga kwa ile inayohitaji kuelekezwa na isiyopenya ukuta, na rimoti ya redio kwa ile inayopenya. Anayependa kitenzambali aendelee nalo, mradi naye aseme kitenzambali cha mwanga au cha redio. Mpaka ule tulioupuuza, baina ya mwanga na redio, una manufaa kwa mnunuzi kupita mpaka tulioupigania baina ya neno la kukopa na neno la kuunda.

Istilahi ya pili: masafa

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Masafa ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya umbali. Tunasema safari ya masafa marefu, mbio za masafa mafupi. Utangazaji wa redio ulipoingia, neno hili likachukuliwa kwa maana ya pili. Wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam ya zamani walizoea kuambiwa juu ya masafa ya kati na masafa mafupi. Matumizi hayo yalikuwa na mantiki, kwa kuwa wimbi la redio lina urefu unaopimika kwa mita, kutoka kilele hadi kilele, na urefu huo nao ni umbali.

Baadaye ikaja maana ya tatu. Siku hizi, katika magazeti, katika matangazo ya vituo vya FM na katika maandishi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, masafa yana maana ya idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi, kilohezi na megahezi. Msomaji atambue kilichotokea. Urefu wa wimbi na idadi ya mitikisiko yake ni vitu vinavyokwenda kinyume: kimoja kikiongezeka, kingine hupungua. Wimbi la megahezi 433 lina urefu wa sentimita 69 hivi. La megahezi 2,400 lina urefu wa sentimita 12 na nusu. Kwa hiyo, kwa kutumia neno moja, tunaweza kusema juu ya wimbi hilo la pili kwamba lina masafa makubwa na kwamba lina masafa mafupi, na kauli zote mbili zikawa sahihi.

Tukirudi kwenye karatasi ya muuzaji, "masafa 10" ilikuwa na maana ya mita 10, nayo ilikuwa rimoti ya mwanga. "Masafa 433" ilikuwa na maana ya megahezi 433. "Masafa 2400" ilikuwa megahezi 2,400. Vizio havikuandikwa. Hesabu iliyofanywa na wazee, ya kulinganisha 10 na 433 na 2400, ilikuwa sawa na kulinganisha mita na megahezi kana kwamba ni ng'ombe wa zizi moja. Na matokeo yakawa kinyume cha walichotaraji. Vifaa viwili vikirusha kwa nguvu ile ile na kwa antena za aina moja, kile cha megahezi 433 hufika mbali zaidi na hupenya kuta za udongo na migomba vizuri zaidi kuliko cha megahezi 2,400. Waliochagua namba kubwa walipata kifaa kilichoshindwa kufika zizini kutoka chumba kilichoezekwa na kuzungushiwa mabati. Bati, kama chuma chochote, hurudisha mawimbi ya redio yalikotoka.

Zaidi ya hayo, namba hizo zina upande wa sheria, na mtumishi wa serikali anayetafsiri fomu za forodha au vibali hana budi kuujua. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano umeigawa dunia katika kanda tatu, na Afrika imo katika Kanda ya 1. Katika kanda hiyo kuna ukanda mwembamba kutoka megahezi 433.05 hadi 434.79 unaotajwa kwa shughuli za viwanda, sayansi na tiba, ambamo vifaa vidogo vingi vya kuendesha mambo kwa mbali hufanya kazi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hutumia megahezi 315. Mfasiri akiandika "masafa yanayoruhusiwa" bila kizio, afisa mmoja ataelewa mita na mwenzake ataelewa megahezi, na wote wawili watakuwa na kamusi upande wao.

Hatupendekezi kuliondoa neno masafa katika maana ya mitikisiko, kwa kuwa limekwisha kukaa katika sheria na vinywani mwa watangazaji. Tunapendekeza liachiwe maana hiyo moja katika maandishi yote ya kiufundi, na lisiandikwe kamwe bila kizio chake. Maana ya umbali irudishwe kwa maneno yanayoeleweka na kila mtu: umbali wa kufika. Na maana ya kale ya redio isemwe kwa ukamilifu: urefu wa wimbi. Laiti karatasi ile ingeandikwa "masafa: megahezi 433, umbali wa kufika: mita 100 mahali pa wazi", mwalimu wa Nyakunguru asingepata nafasi ya kukosea.

Istilahi ya tatu: nguvu ndogo

Wazee walirudisha vifaa vile, wakachukua vya megahezi 433. Safari hii kitufe kilifika zizini, na kwa majuma matatu kila mtu aliridhika. Kabla mwezi haujaisha, usiku mmoja wezi wakaja. Mwenye mji alibonyeza, king'ora kikanyamaza. Betri zilikuwa zimekwisha. Ng'ombe watatu walitolewa. Wawili walipatikana kesho yake, wa tatu hakuonekana tena. Mwenye mji alisema neno ambalo halijanitoka: "Mwalimu, si tuliandikiwa kwamba kinatumia nguvu ndogo?"

Waliandikiwa hivyo, na karatasi haikusema uongo. Nguvu ndogo iliyotajwa ilikuwa nguvu ya kurusha, yaani kiasi cha miliwati kinachotoka kwenye antena ya kitufe. Kiasi hicho huwekwa kuwa kidogo ili kifaa kisiingilie mawasiliano ya wengine. Mnunuzi alielewa ulaji wa betri, na alielewa kwa haki, kwa kuwa karatasi yenyewe ilisifu kifaa kuwa cha betri. Watu wengine huelewa maana ya tatu, yaani udhaifu, nao hukikataa kifaa kizuri kwa sababu hiyo. Katika masomo ya sayansi tunazo tayari kani na nishati, nazo zimeipunguzia nguvu mzigo wake. Lakini nje ya darasa nguvu bado inabeba kila kitu.

Na tofauti hii si ya maneno matupu. Kitufe hulala siku zote, huamka pale tu kinapobonyezwa. Betri yake ndogo huweza kukaa miaka. Mlaji hasa ni kipokezi kilichofungwa kwenye king'ora, kwa kuwa hakijui ni saa ngapi kitaitwa, na hivyo hakina budi kusikiliza usiku na mchana. Kipokezi rahisi cha aina inayopatikana madukani hula kama miliampea 4 wakati wote. Betri za tochi za ukubwa wa kidole zilizo nzuri hubeba miliampea 2,500 kwa saa moja, au miliampea 4 kwa saa 625. Hizo ni siku 26. Hesabu hii ingeweza kufanywa juu ya karatasi ile ile ya muuzaji, kama karatasi ingetaja ulaji.

Kuna aina nyingine ya kipokezi inayosinzia. Tuchukue mfano wa kipokezi kinacholA miliampea 15 kinapokuwa macho, lakini kinachofungua masikio kwa milisekunde 5 tu katika kila sekunde moja. Wastani wake hauzidi sana miliampea 0.075, na betri zile zile kwa hesabu ya karatasini zingekitosha zaidi ya miaka 3, ingawa joto na uchakavu wa betri zenyewe hupunguza muda huo. Gharama yake ni kwamba amri huweza kuchelewa kwa sekunde moja, na kitufe lazima kiendelee kuita kwa muda unaozidi sekunde hiyo ili kimkute mwenzake macho. Kwa mlinzi wa zizi, kuchelewa kwa sekunde moja si kitu.

Desturi hii ya kulala na kuamka si ngeni mkoani Mara. Katika Hifadhi ya Serengeti, kuanzia mwaka 2010, watafiti waliweka kamera 225 za betri katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kila kamera ilisinzia hadi mnyama apite mbele yake na joto la mwili wake kuigutusha. Kifaa kilichokesha kisingedumu porini. Maarifa hayo yalikuwa jirani kabisa na Nyakunguru. Kilichokosekana ni maneno ya kuyavusha.

Kwa hiyo tunapendekeza nguvu ndogo isitumike peke yake. Iandikwe nguvu ya kurusha, kwa miliwati, inapokusudiwa kile kinachotoka kwenye antena; na iandikwe ulaji wa betri, kwa miliampea, inapokusudiwa kile kinacholiwa. Ulaji ni neno lililokwisha kukomaa vinywani mwa watu, ambao husema kila siku kwamba simu fulani inakula chaji. Vipokezi navyo vitofautishwe: kipokezi kikeshacho na kipokezi kisinziacho. Mfugaji hahitaji kufundishwa tofauti baina ya mbwa anayekesha na yule anayelala sikio likiwa wazi.

Pingamizi na jibu lake

Itasemwa kwamba tunaitwika istilahi kazi isiyo yake. Jina la kitu si maelezo ya kitu. Jembe halituambii litadumu masika mangapi. Pingamizi hili lina uzito, nasi tunalikubali kwa sehemu. Hatudai kwamba neno rimoti libebe ndani yake megahezi na miliampea. Tunachodai ni kwamba maneno yanayosimama kando ya jina, ambayo mnunuzi huyasoma ili achague, yasiwe na maana mbili au tatu zinazopingana katika fani moja. Hilo liko ndani ya wajibu wa muundaji wa istilahi na wa mfasiri.

Itasemwa tena kwamba kosa ni la wale wanaoandika karatasi za maelezo kwa haraka, pengine kwa mashine, bila kuwasiliana na Baraza. Ni kweli kwa kiasi. Lakini mfasiri yule, hata kama angekuwa makini, angefungua kamusi na kukuta masafa likimruhusu kuandika alivyoandika. Lugha yetu ndiyo iliyomfungulia mlango.

Tukiangalia nyuma tunaona kwamba wazee wetu walikuwa na uangalifu fulani ambao tumeupoteza. Mawasiliano yasiyo na waya yalipokuja, watu waliyaita simu ya upepo. Kisayansi jina hilo halikuwa sahihi, kwa kuwa wimbi la redio halihitaji upepo. Hata hivyo lilimwambia msikiaji jambo alilohitaji kulijua, kwamba habari hii haipiti kwenye nguzo na waya. Lilianza kwa msikiaji na swali lake.

Tunawaomba walimu wanaofundisha somo la mawimbi wawape wanafunzi karatasi za maelezo za vifaa halisi wazisahihishe. Tunawaomba watafsiri wa idara za serikali wasiandike masafa bila kizio hata mara moja. Na tunaliomba Baraza, litakapoketi tena kusanifisha istilahi za elektroniki, liwaite pamoja na wataalamu wa lugha na wa uhandisi watu wawili au watatu ambao wamewahi kununua kifaa wakakosea. Mwandishi wa makala haya yuko tayari kuitwa. Vifaa vya Nyakunguru vimekwisha kubadilishwa kwa vyenye vipokezi visinziavyo, na karatasi iliyobandikwa ukutani katika kila nyumba imeandikwa upya kwa mkono: "Umbali wa kufika, hatua mia. Ulaji wa betri, mdogo. Badilisha kila masika."